Ethanoli ya Mahindi Badala ya Petroli: Hesabu ya Gharama, Ardhi na Chakula Nchini Marekani

Kila mara bei ya mafuta inapopanda katika soko la dunia, swali lile lile hurudi: kwa nini nchi yenye ardhi na wakulima isitengeneze mafuta ya magari kutokana na mazao yake yenyewe? Nchi iliyolijibu swali hilo kwa vitendo, kwa kutumia mahindi na kwa kiwango kikubwa kuliko nyingine yoyote, ni Marekani. Karibu petroli yote inayouzwa katika vituo vya nchi hiyo leo imechanganywa na ethanoli, kwa kawaida asilimia 10, na sehemu kubwa mno ya ethanoli hiyo hutokana na mahindi ya Iowa, Nebraska, Illinois na majimbo jirani. Uzalishaji umepanda kutoka galoni bilioni 1.6 mwaka 2000 hadi zaidi ya galoni bilioni 15 kwa mwaka hivi sasa, yaani karibu lita bilioni 60.

Uzoefu huo una majibu mawili ambayo katika mijadala mingi huchanganywa na kuwa moja. Ethanoli ikitumika kwa kiasi kidogo ndani ya petroli, kama kiungo cha kuboresha mafuta, mara nyingi hujilipa yenyewe. Ikitakiwa kuchukua nafasi ya petroli yenyewe, hesabu huharibika, na tofauti hulipwa na mlipakodi, mwenye gari au mlaji wa nafaka. Makala haya yanaeleza hesabu hiyo ilivyo, ilikotoka, na kwa nini nchi ambazo mahindi ni chakula chao kikuu zina sababu ya kuisoma kwa makini zaidi kuliko Marekani yenyewe.

Kutoka gunia hadi tangi

Utengenezaji wa ethanoli ya mahindi hauna siri kubwa. Nafaka husagwa, huchanganywa na maji na kupikwa, kisha vimeng'enya huugeuza wanga kuwa sukari. Hamira huichachusha sukari hiyo kuwa pombe. Pombe hutoneshwa kwa joto, huondolewa maji yaliyobaki, na mwishoni hutiwa petroli kidogo ili isinywewe na mtu. Anayefahamu namna gongo inavyopikwa ataitambua kazi hiyo mara moja; tofauti iko katika ukubwa wa mitambo na usimamizi wa sheria.

Wamarekani hupima mahindi kwa busheli, kipimo chenye uzito wa kilo 25.4, na busheli moja hutoa takriban galoni 2.8 za ethanoli. Kwa kipimo kinachofahamika zaidi katika masoko ya Afrika Mashariki, gunia la kilo 100 hutoa takriban lita 40. Gunia hilo halipotei lote. Theluthi moja hivi, karibu kilo 30, hubaki kama machicha yenye protini na mafuta, ambayo hukaushwa na kuuzwa kuwa chakula cha ng'ombe, nguruwe na kuku. Theluthi nyingine hutoka kama hewa ukaa wakati wa uchachushaji. Machicha ni sehemu muhimu ya biashara hii, na hesabu yoyote inayoyaacha nje, iwe ya kuitetea ethanoli au kuipinga, haifai kutegemewa.

Hesabu ya mfano husaidia kuona uzito wa kila kipengele. Chukulia gunia la kilo 100 linauzwa dola 16, bei inayolingana na takriban dola 4 kwa busheli. Kwa lita 40, mahindi pekee yanagharimu senti 40 kwa kila lita ya ethanoli. Machicha yakiuzwa kwa bei ya kilo kwa kilo sawa na mahindi, yanarudisha senti 12, na kubaki 28. Ongeza gesi, umeme, vimeng'enya, mishahara na marejesho ya mkopo wa kiwanda, tuseme senti 17. Jumla ni senti 45 kwa lita mlangoni mwa kiwanda. Zaidi ya nusu ya gharama hiyo ni nafaka. Hakuna meneja, hata awe hodari kiasi gani, anayeweza kuitengeneza ethanoli kwa bei nafuu bei ya mahindi ikiwa juu.

Lita ya ethanoli hailingani na lita ya petroli

Senti 45 huonekana bei nzuri mpaka gari lianze kutembea. Lita ya ethanoli ina takriban theluthi mbili ya nishati iliyomo katika lita ya petroli. Kwa hiyo umbali ambao gari lingekwenda kwa lita moja ya petroli unahitaji karibu lita moja na nusu ya ethanoli, na gharama ya kweli katika mfano huu ni takriban senti 68. Kwa upande wa pili, pipa la mafuta ghafi lina lita 159. Likiuzwa dola 80, mafuta ghafi yenyewe ni senti 50 kwa lita kabla ya kusafishwa. Ethanoli basi huwa karibu sana na petroli, wakati mwingine juu kidogo, wakati mwingine chini kidogo. Lakini bei ya mahindi ikiongezeka maradufu huku gharama nyingine zikibaki zilivyo, gharama ya ethanoli yenye nguvu sawa na lita ya petroli hufika takriban dola 1.10, na hapo hakuna anayeinunua kwa hiari kama mafuta ya kuendeshea gari.

Madereva wa Brazil, ambako ethanoli hutokana zaidi na miwa, wamelifanya jambo hili kuwa kanuni ya kila siku. Tangu mwaka 2003 magari yanayoweza kutumia petroli au ethanoli kwa uwiano wowote yameenea nchini humo, na dereva hulinganisha bei kituoni: ethanoli ikiwa chini ya asilimia 70 ya bei ya petroli, hujaza ethanoli, ikizidi hapo, hujaza petroli. Nchini Marekani mafuta yenye ethanoli hadi asilimia 85 yapo, ila hupunguza umbali kwa lita kwa asilimia 15 hadi 27, na yamebaki sehemu ndogo ya soko. Katika mchanganyiko wa kawaida wa asilimia 10 upungufu ni takriban asilimia 3, kiasi ambacho wenye magari wengi hawakioni.

Ipo sababu nyingine inayowafanya wasafishaji wa mafuta waitake ethanoli, nayo haihusiani na nishati. Ethanoli ina okteni ya juu, sifa inayozuia injini kugonga. Kiwanda cha kusafisha mafuta kinaweza kutengeneza petroli ya msingi yenye okteni ya chini, ambayo ni nafuu zaidi, kisha kuongeza asilimia 10 ya ethanoli na kuifikisha kwenye kiwango cha kawaida cha kituoni. Awali kazi hiyo ilifanywa na kemikali iitwayo MTBE, ambayo ilianza kuonekana katika maji ya ardhini na kuyaharibu. Jimbo la California liliipiga marufuku kuanzia mwishoni mwa mwaka 2003, na mwaka 2006 wasafishaji wengi nchini kote waliiacha karibu kwa pamoja. Ethanoli ndiyo iliyoziba pengo. Hapa ndipo lita za kwanza za ethanoli zinapopata thamani kubwa kuliko nishati yake, na ndiyo sababu matumizi ya asilimia 10 yangeendelea kwa kiasi kikubwa hata sheria zikiondolewa. Lita inayofuata baada ya hapo haina thamani hiyo.

Sheria ndiyo iliyojenga soko

Soko hilo halikujijenga lenyewe. Baada ya misukosuko ya mafuta ya miaka ya 1970, Bunge la Marekani lilipitisha mwaka 1978 msamaha wa ushuru kwa petroli iliyochanganywa na ethanoli. Msamaha huo ulibadilishwa umbo mara kadhaa. Kuanzia sheria ya mwaka 2004 ukawa nafuu ya kodi ya senti 51 kwa galoni, uliopunguzwa baadaye hadi senti 45. Sambamba nao kulikuwa na ushuru wa forodha wa senti 54 kwa galoni ulioizuia ethanoli ya miwa kutoka Brazil. Kufikia mwaka 2011 nafuu hiyo iliigharimu hazina ya Marekani karibu dola bilioni 6 kwa mwaka. Vyote viwili viliachwa vikome tarehe 31 Desemba 2011.

Kukoma kwa ruzuku hakukuiua biashara, kwa kuwa wakati huo nguzo yake ilikuwa nyingine. Sheria ya Sera ya Nishati ya mwaka 2005 ilianzisha agizo la kiwango cha lazima cha nishati jadidifu katika mafuta ya magari. Miaka miwili baadaye, Desemba 2007, Rais George W. Bush alitia saini sheria iliyokipandisha kiwango hicho hadi galoni bilioni 36 ifikapo mwaka 2022. Kati ya hizo, ethanoli ya kawaida ya mahindi iliwekewa kikomo cha galoni bilioni 15. Zilizobaki zilitarajiwa kutoka hasa katika mabua, nyasi na mabaki ya miti. Teknolojia hiyo ya pili haikufika kwa kiwango kilichotarajiwa, na malengo yake yamekuwa yakipunguzwa mwaka hadi mwaka.

Agizo hutekelezwa kwa mfumo wa namba. Kila galoni ya ethanoli husajiliwa kwa namba ya utambulisho, na kampuni za kusafisha na kuagiza mafuta hutakiwa kuwasilisha namba za kutosha kwa Shirika la Hifadhi ya Mazingira la nchi hiyo. Asiyechanganya ethanoli hununua namba kutoka kwa aliyechanganya zaidi. Bei ya namba hizo ni kipimo kizuri cha mzigo wa sheria: agizo linapodai kile ambacho soko lingefanya lenyewe, namba huuzwa kwa senti chache. Mwaka 2013, agizo lilipokaribia kudai ethanoli kuzidi asilimia 10 ya petroli yote, bei iliruka na kupita dola moja kabla ya katikati ya mwaka kwisha. Magari mengi na matangi ya vituo vingi hayakuwa yameidhinishwa kwa zaidi ya asilimia 10, na hakukuwa na mahali rahisi pa kupeleka ethanoli ya ziada.

Ruzuku ya bajeti huonekana na kuhojiwa bungeni kila mwaka. Gharama ya agizo la lazima hupita katika bei ya mafuta na bei ya nafaka, na mwananchi huilipa bila kuona mstari wake kwenye risiti.

Kiwanda kati ya bei mbili

Mwenye kiwanda cha ethanoli hananunui kwa bei anayoipanga wala hauzi kwa bei anayoipanga. Hununua mahindi ambayo bei yake huamuliwa na mvua na mavuno, na huuza mafuta ambayo bei yake hufuata pipa la mafuta ghafi. Mwaka 2008 ulionyesha hatari ya kukaa katikati. Mwezi Julai pipa lilifika dola 147, na mahindi nayo yakapanda. Kampuni ya VeraSun, miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa ethanoli nchini humo wakati huo, ilijifunga kununua mahindi kwa bei ya juu ikihofia kwamba yangepanda zaidi. Bei zikaporomoka. Kufikia Desemba pipa lilikuwa chini ya dola 40, lakini VeraSun ilikuwa imekwisha kuomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake mwishoni mwa Oktoba.

Mwaka 2020 pigo lilikuja kutoka upande mwingine. Janga la UVIKO-19 liliyaacha magari nyumbani, mahitaji ya petroli yakashuka, na ethanoli ikashuka nayo kwa kuwa soko lake ni asilimia fulani ya petroli. Viwanda vingi vilisimamisha au kupunguza uzalishaji. Tukio hilo lilidhihirisha jambo ambalo watetezi wa ethanoli hawalitaji mara kwa mara: mafuta yanayotarajiwa kuipokonya petroli nafasi yake yamefungwa nayo, na petroli ikipungua, kwa janga au kwa kuenea kwa magari ya umeme, ethanoli hupungua pamoja nayo.

Mahindi yanapopanda, nani hulipa

Mwaka 2000 takriban asilimia 6 ya mahindi ya Marekani yaliingia katika viwanda vya ethanoli. Miaka kumi baadaye sehemu hiyo ilikuwa imefika karibu asilimia 40. Hakuna soko la nafaka linaloweza kupoteza kiasi hicho kwa muda mfupi bila bei kutikisika, hata ikizingatiwa kwamba machicha hurudi kwa mifugo. Wastani wa bei aliyoipata mkulima ulikuwa dola 2 kwa busheli katika msimu wa 2005/06. Katika msimu wa 2012/13, baada ya ukame mkali wa eneo la kati la nchi hiyo, ulikuwa dola 6.89, na mwezi Agosti 2012 bei katika soko la Chicago ilivuka dola 8.

Wakati wa ukame huo baadhi ya magavana waliiomba Serikali Kuu isimamishe agizo la ethanoli kwa muda ili nafaka iliyopo ielekezwe kwa mifugo na walaji. Novemba 2012 Shirika la Hifadhi ya Mazingira lilikataa, likisema masharti ya kisheria ya kusimamisha agizo hayakutimizwa. Wafugaji wa kuku, nguruwe na ng'ombe, ambao chakula cha mifugo ndicho gharama yao kubwa, waliubeba mzigo, na sehemu yake ikamfikia mnunuzi wa nyama na mayai.

Kwa upande wa walionufaika, wa kwanza ni mwenye ardhi. Uchunguzi wa kila mwaka wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa unaonyesha kuwa ekari moja ya shamba katika jimbo hilo iligharimu kwa wastani chini ya dola 3,000 mwaka 2005, na zaidi ya dola 8,700 mwaka 2013. Riba ndogo za benki nazo zilichangia, lakini mahindi yalikuwa na sehemu kubwa. Kijana anayeanza kilimo kwa kukodi shamba hakunufaika kwa kiwango hicho. Kodi ya shamba ilipanda pamoja na bei ya zao. Miji midogo yenye viwanda ilipata ajira na soko la uhakika karibu na mashamba, faida halisi ambayo wanasiasa wa majimbo hayo, wa vyama vyote viwili, wameitetea kwa ukakamavu.

Hoja kwamba ethanoli ilishusha sana bei ya petroli ilitangazwa kwa nguvu. Tafiti zilizogharamiwa na wenye viwanda zilidai kwamba mwaka 2011 ethanoli ilimwokolea dereva zaidi ya dola moja kwa galoni. Wachumi Christopher Knittel na Aaron Smith waliikagua mbinu iliyotumika na kuonyesha kwamba kwa hesabu hiyo hiyo mtu angeweza "kuthibitisha" uhusiano na mambo yasiyohusiana kabisa na mafuta. Athari kwenye bei ya petroli ipo, lakini ni ndogo.

Nje ya Marekani mtikisiko ulisikika mapema. Januari 2007 maelfu ya watu waliandamana jijini Mexico kupinga kupanda kwa bei ya tortilla, mkate wa mahindi ambao ni mlo wa kila siku wa nchi hiyo, na Serikali ya Rais Felipe Calderón ikalazimika kuafikiana na wazalishaji kuhusu kikomo cha bei. Mahindi ya tortilla ni meupe, ya ethanoli ni ya njano, na wafanyabiashara walioficha bidhaa nao walilaumiwa. Lakini mfugaji anayeyakosa mahindi ya njano hununua meupe, na ndivyo bei ya moja inavyoivuta nyingine. Mwaka uliofuata bei za chakula zilipanda duniani kote. Ethanoli haikuwa sababu pekee, kwani bei ya mafuta, ukame nchini Australia na nchi kadhaa kuzuia kuuza nafaka nje vilichangia. Jambo jipya lililodumu ni kwamba bei ya mahindi ilikuwa imeunganishwa na bei ya mafuta ghafi kwa namna ambayo haikuwepo kabla.

Nishati inayoingia na inayotoka

Ili kupata ethanoli ni lazima kutumia nishati nyingine. Mbolea ya naitrojeni hutengenezwa kwa gesi asilia, matrekta hutumia dizeli, na kiwanda hupika na kutonesha kwa gesi au makaa ya mawe. Mwaka 2005 David Pimentel wa Chuo Kikuu cha Cornell na Tad Patzek wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walihitimisha kwamba ethanoli ya mahindi hula nishati ya visukuku asilimia 29 zaidi ya ile inayoitoa. Wataalamu wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walikuwa wamepata matokeo tofauti mwaka 2002: kwa kila kizio kimoja cha nishati kinachoingia, kinatoka kizio 1.34. Tofauti ilitokana zaidi na namna ya kuyahesabu machicha na umri wa mitambo iliyochukuliwa kama mfano. Viwanda vya sasa ni bora, na uwiano unaokubaliwa na wengi uko juu ya ule wa mwaka 2002.

Hata hivyo, uwiano chanya peke yake hautoshi. Kwa uwiano wa 1.34, ili kupata faida halisi ya lita moja lazima zitengenezwe karibu lita nne, kwa kuwa tatu zinafidia nishati iliyotumika. Kwa uwiano wa mbili zinahitajika lita mbili. Ikumbukwe pia kwamba nishati inayoingia ni gesi na makaa zaidi kuliko mafuta ghafi, hivyo ethanoli ni njia mojawapo ya kuigeuza gesi asilia kuwa mafuta ya majimaji. Kwa nchi iliyokuwa ikiagiza mafuta mengi kutoka nje mwaka 2005, hilo lilikuwa na maana. Marekani ya leo, ambayo kutokana na uchimbaji katika miamba ya mwambatope imekuwa ikiuza nje mafuta na bidhaa zake nyingi kuliko inazoagiza, haina tena hoja hiyo kwa uzito ule ule.

Kuhusu hewa ukaa, mabishano hayajaisha. Shirika la Hifadhi ya Mazingira lilikadiria mwaka 2010 kuwa ethanoli ya viwanda vipya vya gesi ingepunguza gesijoto kwa asilimia 21 ikilinganishwa na petroli. Utafiti wa Wizara ya Kilimo wa mwaka 2019 ukasema asilimia 39. Upande wa pili, timu ya Timothy Searchinger iliandika mwaka 2008 kwamba mahindi yanapoingia viwandani, misitu na nyika hulimwa kwingineko kufidia pengo, na hewa ukaa inayotoka katika ardhi hiyo huifuta faida. Tyler Lark na wenzake mwaka 2022 walikadiria kwamba agizo la Marekani lilipandisha bei ya mahindi kwa asilimia 30, likaongeza eneo la mahindi kwa karibu hekta milioni 2.8, na kwamba ethanoli hiyo huenda inazidi petroli kwa uchafuzi kwa angalau asilimia 24. Tofauti kati ya makundi hayo iko karibu yote katika swali moja: nani alilima ardhi mpya, na wapi, kwa sababu ya galoni hiyo.

Kwa nini petroli yote haiwezi kubadilishwa

Ardhi ndiyo inayofunga mjadala wa kubadilisha petroli yote. Mavuno ya mahindi ya Marekani mwaka 2023 yalikuwa busheli bilioni 15.3, takriban tani milioni 389, kwa wastani wa tani 11 kwa hekta. Yote yakipelekwa kiwandani, bila kubakiza punje kwa mifugo, walaji wala wanunuzi wa nje, yangetoa karibu lita bilioni 156 za ethanoli, zenye nishati ya lita bilioni 103 za petroli. Wamarekani hutumia takriban lita bilioni 500 za mafuta ya petroli kwa mwaka. Zao lote la nchi inayoongoza duniani kwa mahindi lingetosha sehemu moja kati ya tano. Kuziba pengo lote kungehitaji zaidi ya tani bilioni 1.5 kwa mwaka, wakati dunia nzima huvuna takriban tani bilioni 1.2.

Hesabu kwa nchi zinazokula mahindi

Mahindi ya Marekani kwa sehemu kubwa ni chakula cha mifugo, na Mmarekani wa kawaida huyala zaidi kupitia nyama, maziwa na sharubati. Tanzania, Kenya, Malawi na Zambia huyala yenyewe, kama ugali. Gunia moja la kilo 100 lina nishati ya chakula inayomtosha mtu mmoja kwa zaidi ya miezi mitano. Likigeuzwa ethanoli, hutoa nguvu inayolingana na lita 26 hivi za petroli, ambazo hazijazi tangi la gari dogo la familia. Kwa mavuno ya tani 2 kwa hekta, kiwango kinachokaribiana na hali ya wakulima wadogo wengi wa ukanda huu, hekta nzima hutoa ethanoli inayolingana na lita 530 za petroli kwa msimu. Hekta ya Iowa hutoa zaidi ya mara tano ya hapo.

Ndiyo sababu mipango ya ethanoli iliyowahi kutekelezwa katika ukanda huu ilitumia molasi, mabaki mazito ya viwanda vya sukari ambayo hayana ushindani mkubwa mezani. Kenya ilichanganya ethanoli ya kiwanda cha Muhoroni katika petroli yake miaka ya 1980, mpango uliofifia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Tanzania ilitoa mwaka 2010 miongozo ya uendelezaji wa nishati mimea ya vimiminika, baada ya miradi ya ardhi kubwa kuzua maswali kuhusu haki za wanavijiji na usalama wa chakula.

Malawi, nchi isiyo na bahari ambayo mafuta yake husafirishwa kwa masafa marefu kutoka bandari za majirani, imechanganya ethanoli tangu mwaka 1982, kwanza kutoka Dwangwa na baadaye pia Nchalo, maeneo yote mawili yakiwa na mashamba ya miwa na viwanda vya sukari. Kiwango cha kuchanganya huko hupanda na kushuka kulingana na molasi iliyopatikana katika msimu, na ethanoli inapopungua, petroli huuzwa ikiwa na mchanganyiko mdogo zaidi.